Kabati la kona la Kibosho: la nyumba au la warithi?

Shamba walishagawana. Ng'ombe walishagawana, na hata mashine ya kumenyea kahawa ilipata mwenyewe bila kelele. Kilichowashinda ndugu watatu wa Kibosho, Moshi Vijijini, ni kabati moja la kona lililosimama sebuleni kwa marehemu mama yao. Baba mdogo aliyekuwa msimamizi wa mirathi alinipigia simu baada ya kikao cha ukoo kuvunjika kwa mara nyingine. Mimi ni fundi wa samani, karakana yangu iko Majengo mjini Moshi, na riziki yangu kubwa inatokana na kufufua fenicha za zamani. Nimezoea kuulizwa kama kitu kinatengenezeka na kwa shilingi ngapi. Safari hii niliulizwa swali la namna nyingine: kabati hili ni chombo, au ni sehemu ya nyumba?

Kwa asiyezijua desturi za Wachagga, swali linaweza kuonekana la kipuuzi. Nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la ukoo, kilichoizunguka kwa kawaida humwendea kitindamimba wa kiume, naye huyu kitindamimba ndiye aliyebaki nyumbani na kumuuguza mama hadi mwisho. Hoja yake ilikuwa fupi: kabati limepigiliwa misumari ukutani, kwa hiyo ni la nyumba, sawa na milango na madirisha. Dada mkubwa, anayeishi Njiro, Arusha, alisema vyombo vya mama ni vya binti, na kabati ni chombo. Kaka wa kati yuko Dar es Salaam, yeye alitaka liuzwe pesa zigawanywe.

Wazo la kuuza lilikuja na mtu. Kuna mfanyabiashara wa Arusha anayezunguka vijijini kukusanya vitu vya zamani na kuviuza kwa wenye loji za watalii. Aliliona kabati siku ya arobaini, akalizunguka kwa macho, akasema ni la Mjerumani, la miaka ya 1800, akataja milioni mbili na nusu. Bei hiyo ilipotajwa kila mmoja akapata sababu mpya ya kulipenda.

Kabati lenyewe lina migongo miwili inayokutana nyuma na uso mmoja unaoikata kona. Uso una upana wa sentimita 85 hivi, kila mgongo sentimita 60, na kwenda juu ni mita mbili na ushee. Limeundwa kwa vipande viwili, cha juu kikikalia cha chini na kushikwa kwa skrubu nne. Juu kuna milango miwili ya vioo vidogo, vinane kila mlango, na chini milango miwili ya mbao yenye paneli. Kwenye rafu za juu umechimbwa mfereji mwembamba karibu na mgongo ili sahani isimame ikitazama watu. Ndani nilikuta seti ya chai ya harusi, glasi za wageni ambazo sidhani kama kuna mgeni aliyewahi kuzinywea, vyeti vya ubatizo, na stakabadhi za kahawa za chama cha msingi zilizofungwa kwa mpira. Baba mdogo alisimamia kila kimoja kikitoka, akikiandika.

Kabati la namna hii lina ukoo mrefu. Ulaya ya karne ya 18 vyombo vya kauri na majani ya chai vilikuwa ghali, vikahitaji mahali pa kufungiwa na papo hapo kuonekana. Kona ya chumba ilikuwa imekaa bure. Waingereza wakatengeneza makabati madogo ya kona ya kutundika, mengine yenye uso uliobinuka kwa mbele, na makubwa ya kusimama sakafuni. Wafaransa walipenda mafupi, yaliyotengenezwa mawili mawili ya kufanana na kufunikwa kwa marumaru juu. Wakulima wa Pennsylvania huko Marekani walitumia misonobari na kuyapaka rangi. Ila kwa kesi ya Kibosho, mgawanyo unaohusika ni mwingine. Tangu enzi hizo yapo makabati yaliyojengewa ukutani pamoja na nyumba, na yapo yanayosimama yenyewe. Lililojengewa mara nyingi halina mgongo kabisa, maana ukuta ndio mgongo wake, au lina mgongo wa mbao za ovyo, na kingo zake zimechongwa kufuata kila kibonde cha ukuta ule mmoja. Linalosimama lenyewe lina mwili kamili na hugoma kukaa sawasawa kwenye kona ambayo si yake.

Nilianza na umri, kwa sababu ndio uliokuwa unapandisha joto.

Ukifungua mlango wa chini na kuingiza kichwa unapokelewa na harufu ya kafuri. Hiyo ni mkulo, mti ambao mafundi wengi huku huuita kamfa, na unaota katika msitu wa mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, juu kidogo tu ya Kibosho yenyewe. Ni mti wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo kabati hili halikuja na meli. Limepasuliwa na kuungwa huku huku, na waliokuwa wakihitaji kabati la aina hii huku hawakuwapo kabla ya miaka ya 1890, misheni zilipofunguliwa Kilema, Kibosho na Machame, kisha walowezi wakafuata. Mbao za mgongoni zina alama za msumeno za upinde, upinde baada ya upinde, za msumeno wa duara unaoendeshwa na mashine. Msumeno wa kupasulia shimoni, watu wawili mmoja juu mmoja chini, huacha mistari iliyonyooka na isiyolingana. Misumari ni ya waya, yenye kichwa cha mviringo, iliyoenea duniani mwishoni mwa karne ya 19.

Skrubu zilikuwa za aina mbili. Nyingi zina mfereji mmoja kichwani, na mfereji umejaa rangi ya zamani iliyoganda, dalili kwamba hazijaguswa tangu kabati lipakwe. Bawaba moja ya mlango wa kulia imeshikwa kwa skrubu za nyota, ambazo ni za miaka ya 1930 kuendelea, na hizi zinang'aa. Mtu alitengeneza bawaba hiyo baadaye. Vioo navyo vina hadithi mbili. Vioo kumi na kimoja vina mawimbi, ukitembeza kichwa unaona mgomba wa nje ukicheza. Vitano ni bapa kabisa, kama vya dirisha la leo. Kioo bapa cha namna hii hutengenezwa kwa kumiminwa kikiwa kimeyeyuka kielee juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa, njia iliyotangazwa na kampuni ya Pilkington ya Uingereza mwaka 1959. Watoto wa nyumba hii walikuwa na mpira, hilo nalo kitindamimba alikiri huku akicheka.

Ndani ya sehemu ya chini kuna droo moja. Viungo vyake vya mkia wa njiwa vimekatwa kwa mkono, havilingani upana, na ukitazama kwa tochi unaona mstari uliochorwa kwa ncha ya chuma kabla ya kukata. Aliyefanya kazi ile alikuwa fundi wa kweli: angeweza kuwa Msingasinga wa mjini Moshi, maana mafundi wengi wa Kihindi walihusika na reli na kazi za mbao Afrika Mashariki, au mwanafunzi wa karakana ya misheni. Sikujaribu kuchagua. Nilichoandika kwenye karatasi ya baba mdogo ni kwamba kabati limetengenezwa Kilimanjaro au jirani, kati ya miaka ya 1920 na 1950 kwa makadirio yangu, na kwamba paneli moja ya mlango wa chini ni plaiwudi iliyowekwa baadaye.

"Kwa hiyo si la Mjerumani?" kaka wa kati aliuliza kwenye simu, spika imefunguliwa.

Nikamwambia linaweza kuwa lilikaa nyumbani kwa Mjerumani. Huku kwetu kila mbao nzito ni ya Mjerumani, lakini baada ya Vita ya Kwanza mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa na kuuzwa, wanunuzi wengi wa upande huu wakiwa Wagiriki, halafu wakaja Waingereza na wengine. Fenicha za nyumba moja zilipita mikono mingi. Kusema "la miaka ya 1800" ni jambo jingine, na hilo mbao zenyewe zinalikataa.

Kulikuwa pia na minong'ono kwamba mnunuzi angeweza kulipeleka nje ya nchi na kwamba serikali ingewakamata. Hofu hiyo niliweza kuipunguza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na inataja kwa namna ya pekee milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Kabati la vyombo lenye mtindo wa Kizungu haliingii humo. Wenye milango ya nakshi ya Pwani ndio wanaotakiwa kukaa macho.

Kilichojibiwa na ukuta

Sasa nikaja kwenye swali nililoitiwa. Niliomba ruhusa ya kung'oa misumari. Kitindamimba hakupenda, akasema nikishaing'oa nimeshaamua kesi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Shangazi yao, bibi mwenye miaka zaidi ya themanini aliyekuwa amekaa kimya karibu na mlango, ndiye aliyemtuliza: "Mwanangu, si wewe ulisema ni la ukutani? Basi mwache ukuta useme."

Tulipolisogeza, kona ikatoa ushahidi mzuri kuliko nilivyotarajia. Nyumba imejengwa 1957, mwaka umechorwa kwenye saruji juu ya baraza. Ukuta wa sebule ulipakwa rangi ya mafuta ya kijani kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, na chokaa juu yake, kama nyumba nyingi nzuri za wakati wa kahawa. Kijani kile kilikuwa kimeingia hadi ndani kabisa ya kona, nyuma ya kabati. Juu ya kijani kuna rangi ya krimu, na krimu hiyo inakoma ghafla pale ukingo wa kabati ulipokuwa, na michirizi ya brashi inayoonyesha mpakaji alipinda mkono asiguse mbao. Maana yake ni moja tu. Kijani kilipopakwa kabati halikuwapo. Krimu ilipopakwa lilikuwapo. Dada mkubwa alikumbuka krimu papo hapo: ilipakwa wakati wa maandalizi ya harusi yake, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mgongo wa kabati nao ulikuwa na matundu ya misumari ya jozi mbili. Jozi moja ililingana na matundu ya ukuta huu. Jozi nyingine, yenye duara la kutu jeusi kuzunguka kila tundu, haikulingana na chochote. Kabati hili liliwahi kupigiliwa kwenye ukuta mwingine, kwa muda mrefu wa kutosha kutu kuingia kwenye nyuzi za mbao.

Halafu pembe. Migongo miwili ya kabati inakutana kwa pembemraba safi, niliipima kwa skwea nikakuta haina kosa. Kona ya nyumba imefunguka zaidi ya nyuzi 90, si ajabu kwa ukuta wa mawe uliopigwa lipu kwa jicho. Kwa hiyo kabati likisukumwa hadi mwisho huacha mwanya upande mmoja, na mwanya huo ulikuwa umezibwa kwa ufito wa paini uliopakwa rangi ufanane. Hata taji la juu lilikatwa upande wa kushoto ili lipishe fremu ya dirisha, na aliyekata hakujisumbua kupiga msasa. Fundi wa mikia ya njiwa ile asingeacha mkato wa aina hiyo. Angekuwa amelijengea humu, angelichonga lifuate ukuta wake na dirisha lake.

Hapo shangazi akasema alichokuwa nacho tangu asubuhi. Kaka yake alilileta kwa lori la kukodi, likiwa vipande viwili vimefunikwa turubai, kutoka shamba moja upande wa Sanya Juu, mwaka ule walowezi walipokuwa wanaondoka na vitu vyao kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mashamba makubwa ya kahawa ya Kilimanjaro yalitaifishwa mwaka 1973, na hiyo inaingia vizuri kabisa kati ya kijani na krimu. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza, walikuwa wanapigana.

Jibu langu kwa baba mdogo likawa: ni chombo. Limekuja, limepigiliwa, linaweza kuondoka, na ukuta ulikuwa umekamilika bila lenyewe. Misumari ya kushikiza kitu kisianguke haikifanyi kuwa ukuta. Hiyo ni hukumu ya fundi kuhusu mbao na lipu. Nani arithi chombo si kazi yangu, na nilikataa mara mbili kuvutwa huko.

Thamani, na wazo baya

Kabati likishakuwa chombo, liliingia kwenye orodha ya mali ya kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na orodha inataka bei. Hapa ndipo wengi hupotoka. Moshi hatuna mnada wa samani za kale. Bei za Ulaya hazisaidii, na zenyewe zimeshuka sana tangu mwanzo wa karne hii kwa fenicha nzito za rangi ya kahawia. Vijana wa huko hawana nafasi wala hamu nazo. Nilichofanya ni kuuliza ingegharimu kiasi gani kutengeneza kabati kama hili leo kwa mbao nzuri na mkono mzuri, kisha nikaondoa ubovu: paneli ya plaiwudi, taji lililokatwa, matundu ya bungua kwenye mguu mmoja. Nikafika milioni moja na laki sita. Kuna kitu ambacho hesabu hiyo haikitoshelezi, nacho ni mkulo wenyewe. Msitu unakotoka tangu 2005 uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Mbao pana namna ile huzipati tena kwa njia halali, na anayekuuzia kwa siri usiku anakuuzia kesi.

Mnunuzi wa Arusha alipoambiwa kwamba si la miaka ya 1800 hakushusha hata senti. Nadhani alijua tangu mwanzo. Loji hainunui mwaka, inanunua sura, na hadithi ya Mjerumani humpa yeye faida mbele ya safari. Sioni kosa katika bei yake. Kosa lilikuwa kuwaacha ndugu watatu wagombane juu ya tarehe aliyoitunga.

Kaka wa kati alipendekeza nilipige msasa hadi mbao nyeupe na kulipaka vanishi ya kung'aa, ili mnunuzi apande. Nilichukua pamba, nikailowesha spiriti, nikagusa sehemu iliyojificha chini ya rafu. Rangi ikalainika na kushika pamba. Hiyo ni shelaki, kipako cha zamani cha mbao kinachopakwa kwa kitambaa tabaka juu ya tabaka, na inatengenezeka bila kung'olewa: unasafisha uchafu kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni laini, unakausha, unapaka nta. Ukilipiga msasa unapoteza rangi ya miaka na alama zote nilizotumia kulisoma. Vanishi ya kisasa juu ya shelaki isiyosafishwa nayo huja kubanduka kama ngozi ya aliyeungua jua.

Wazo lililonitisha zaidi lilitoka kwa dada mkubwa, na kwa nia njema: kwa kuwa ni vipande viwili, yeye achukue cha juu chenye vioo, mdogo wake abaki na cha chini. Kwa ufundi inawezekana, ni skrubu nne. Lakini cha juu bila cha chini kingekuwa boksi la vioo lisilo na miguu, na cha chini bila cha juu kimeza cha pembetatu kisicho na kazi. Nilimwambia hivyo hivyo. Nikamwomba pia apige picha kona za sebule yake ya Njiro. Akazituma jioni: kona moja ina swichi ya taa, nyingine ina mlango unaofungukia ndani, ya tatu imekatwa na kabati la ukutani, na ya nne ndiyo yenye televisheni.

Sidhani kama picha zile ndizo zilizomaliza mgogoro, ila baada yake sauti zilishuka. Kikao kilikubaliana kwamba kabati lihesabiwe chombo, kwa thamani niliyoandika, na kitindamimba alichukue kwa kuwalipa ndugu zake mafungu yao kwa misimu miwili ya kahawa. Dada mkubwa alichukua seti ya chai na glasi. Kaka wa kati aliuliza kama mnunuzi hawezi kuongeza, akajibiwa na shangazi, na jibu hilo sitaliandika.

Kazi yangu iliyobaki ilikuwa ndogo. Paneli ya plaiwudi nimeitoa na kuweka mbao ya mkulo niliyoipata kwenye kitanda kilichovunjika karakanani. Vioo bapa nimeviacha. Matundu ya bungua nimeyadunga dawa kwa bomba la sindano na nitayakagua baada ya mvua za masika, nione kama kuna unga mpya chini ya mguu. Kabati limerudi kwenye kona ile ile, sasa likiwa limesogezwa mbele kidogo ili hewa ipite nyuma, na limeshikwa kwa vyuma viwili vya pembe vyenye skrubu badala ya misumari, kwa sababu ndani ya nyumba kuna mtoto wa miaka mitatu anayepanda kila kitu. Vyuma hivyo baba mdogo aliviandika kwenye orodha pia, kimoja kimoja.